Goti la mkulima: Mtaji usioandikwa kwenye daftari

*Jeraha la kano lisilotibiwa mapema hula mavuno ya msimu huu na ya misimu ijayo*

KILA mwaka mvua za masika zinapokaribia, mkulima mdogo wa mkoani Kilimanjaro huorodhesha mahitaji yake: mbegu, mbolea, dawa ya viwavi, fedha ya trekta na posho ya vibarua wa palizi. Kuna kitu kimoja ambacho hakimo kwenye orodha hiyo, ingawa kikiharibika vingine vyote hukwama. Kitu hicho ni goti lake.

Aina ya kilimo cha mkoa huo inaeleza sababu. Familia nyingi za mlimani zina kihamba chenye migomba na kahawa kuzunguka nyumba, ng'ombe mmoja au wawili wa maziwa wanaofugwa zizini, na shamba la mahindi na maharage huko tambarare. Ng'ombe haendi malishoni. Malisho ndiyo yanayomfuata zizini. Majani hukatwa mbali na kubebwa kichwani, mara nyingi na akina mama, kwa kupanda na kushuka njia za miteremko ambazo wakati wa mvua huteleza kama sabuni.

Mguu mmoja ukiteleza huku mwingine umekwama kwenye tope, mwili na mzigo wake hugeukia upande mmoja na goti hubaki upande mwingine. Mlio mdogo husikika ndani ya goti, na kabla jua halijatua goti limevimba. Kuanzia hapo familia huanza kulipa gharama ambazo mara nyingi hazifahamiki jumla yake, kwa kuwa hulipwa kidogo kidogo.

Tatizo hilo si la mlimani peke yake. Mpanda mpunga anayeinama na kuchuchumaa kutwa nzima, mchuna majani ya chai, mbeba magunia wa sokoni na kijana wa bodaboda wote wanatumia goti kama chombo cha kazi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 528 duniani walikuwa wanaishi na ugonjwa wa kusagika kwa viungo, na goti ndilo kiungo kilichoathirika zaidi, likiwa na watu milioni 365. Asilimia 60 ya wagonjwa hao ni wanawake.

Jinsi goti lilivyojengwa

Goti ni mahali panapokutana mifupa mitatu: mfupa wa paja, mfupa wa ugoko na pia ya goti. Ncha za mifupa hiyo zimefunikwa na gegedu laini inayoteleza, na katikati yake kuna vipande viwili vya gegedu ngumu vyenye umbo la mwezi mchanga, ambavyo kazi yake ni kupunguza mshindo, kama mipira inayowekwa chini ya injini ya trekta.

Kinachozuia mifupa hiyo isiachane ni kano, yaani kamba ngumu zinazofunga mfupa na mfupa. Vijijini wengi huziita mishipa, ingawa hazipitishi damu kama mishipa yenyewe. Kano kubwa za goti ni nne. Mbili ziko pembeni, moja upande wa ndani na nyingine upande wa nje, na huzuia goti lisipinde kushoto au kulia. Nyingine mbili zimepishana katikati ya goti mithili ya msalaba. Ile ya mbele huzuia ugoko usichomoke kwenda mbele na husaidia goti lisizunguke kupita kiasi. Ile ya nyuma huzuia ugoko usirudi nyuma.

Kila kano ina namna yake ya kuumia, na ndiyo maana daktari mzuri huanza kwa kuuliza jinsi mtu alivyoanguka kabla hata ya kugusa mguu. Aliyejizungusha huku unyayo umekwama chini, akasikia mlio na goti likavimba ndani ya saa chache, huenda kano yake ya msalaba ya mbele imechanika, kwani uvimbe wa haraka kiasi hicho mara nyingi ni damu iliyoingia ndani ya goti. Aliyepigwa upande wa nje wa goti, kwa mfano na ng'ombe aliyeyumba wakati wa kukamuliwa, huumia zaidi kano ya pembeni ya ndani. Dereva wa bodaboda anayeangukia goti lililokunjwa huhatarisha kano ya msalaba ya nyuma.

Ikiwa uvimbe ulikuja taratibu hadi kesho yake, na goti linanasa katikati kana kwamba kuna jiwe ndani, tuhuma inaangukia kwenye vile vipande vya gegedu vyenye umbo la mwezi mchanga.

Mikono kabla ya mashine

Wagonjwa wengi huamini kuwa uchunguzi haujafanyika hadi picha ipigwe. Imani hiyo inawagharimu. Picha ya eksirei huonyesha mifupa. Haionyeshi kano wala vipande vya gegedu. Mtu anaweza kupewa picha isiyo na mvunjiko wowote, akaambiwa yuko salama na kurudi shambani huku kano imekatika.

Kipimo muhimu cha kano ya msalaba ya mbele hakihitaji umeme. Mgonjwa hulala chali, goti hukunjwa kidogo kwa nyuzi kati ya 20 na 30, daktari hushika paja kwa mkono mmoja na kuvuta ugoko mbele kwa mkono mwingine. Ugoko ukisogea mbele kuliko ule wa mguu mzima, na usikwame ghafla mwishoni, kano imechanika. Kipimo hicho kinaitwa Lachman, kwa jina la Dk John Lachman wa Philadelphia nchini Marekani, na kilielezwa katika jarida la kitabibu mwaka 1976. Kwa kawaida goti lililovimba sana na kuuma ni gumu kupimwa siku ya kwanza. Hivyo mgonjwa hutakiwa kurudi baada ya siku kadhaa uvimbe ukishapungua. Kurudi huko ndiko wengi wanakokuruka ili kuokoa nauli.

Ni nani basi anayehitaji eksirei? Mwaka 1995 madaktari wa Ottawa, Canada, walichapisha kanuni ambazo hadi leo zinatumika katika nchi nyingi. Kwa mtu mzima aliyeumia goti, picha inahitajika ikiwa ana miaka 55 au zaidi. Au anaumia akibonyezwa kwenye kifundo cha mfupa kilicho upande wa nje chini kidogo ya goti. Au maumivu akibonyezwa yako kwenye pia ya goti peke yake. Au hawezi kukunja goti kufikia nyuzi 90. Au hakuweza kutembea hatua nne, tangu alipoumia hadi anapofikishwa kwa daktari. Asiye na hata dalili moja kati ya hizo ana uwezekano mdogo sana wa kuwa amevunjika mfupa.

Kipimo cha MRI ndicho kinachoonyesha kano na gegedu waziwazi, lakini kinapatikana katika hospitali chache na gharama yake ni kubwa kwa kaya ya kijijini. Kabla ya kuuza mtamba ili kulipia kipimo hicho, kuna swali moja la kumuuliza daktari: je, majibu ya kipimo yatabadilisha tiba? Kama tiba ya wiki sita zijazo ni mazoezi kwa vyovyote vile, mtamba anaweza kusubiri zizini. Kama goti limenasa na haliwezi kunyooka, au upasuaji unafikiriwa, hapo kipimo kina thamani yake.

Hali zisizosubiri

Yapo magoti ambayo hayana muda wa kungoja siku ya soko wala fedha ya maziwa ya mwisho wa mwezi. La kwanza ni goti lililovimba, la moto, linalouma hata likiguswa kidogo, na mgonjwa ana homa. Huenda vijidudu vimeingia ndani ya kiungo, na vinaweza kuharibu gegedu ndani ya siku chache. Mgonjwa huyo anatakiwa kuvutwa maji ya goti kwa sindano ili yapimwe, na kuanzishiwa dawa hospitalini.

La pili ni goti lililotenguka kabisa baada ya ajali, na mguu chini yake ukawa wa baridi, umepauka au umekufa ganzi. Mshipa mkubwa wa damu unaopita nyuma ya goti unaweza kuwa umeumia, na saa chache tu ndizo zinazoamua kama mguu utaokolewa. La tatu ni la mtu asiyeweza kuinua mguu ulionyooka akiwa amelala, dalili kwamba kano inayounganisha misuli ya paja na ugoko imekatika au pia ya goti imevunjika.

Kwa majeraha mengine, huduma ya kwanza ni rahisi: kupumzisha mguu, kuweka barafu au kitambaa cha maji baridi kwa dakika 15 hadi 20 mara kadhaa kwa siku, kufunga bendeji isiyobana mno, na kuinua mguu juu ya kiwango cha moyo. Kinachotakiwa kuepukwa katika siku mbili tatu za mwanzo ni maji ya moto na kuchuliwa kwa nguvu, kwani vyote viwili huongeza damu na uvimbe. Bahati mbaya, hivyo ndivyo vinavyofanywa kwanza katika vijiji vingi.

Jambo jingine la kuangaliwa ni vidonge na sindano za maumivu. Dawa kama diclofenac na ibuprofen hununuliwa kirahisi, na kwa siku chache zina msaada. Zikitumiwa kwa miezi, zinaweza kusababisha vidonda vya tumbo na kuharibu figo, hasa kwa wazee na wenye shinikizo la damu. Aidha, mtu aliyetulizwa maumivu hurudi kubeba mzigo juu ya goti ambalo bado halina kano.

Si kila goti linahitaji kisu

Habari njema kwa mfuko wa mkulima ni kwamba majeraha mengi ya goti hutibiwa bila upasuaji. Kano ya pembeni ya ndani, hata ikichanika, mara nyingi hupona yenyewe ndani ya wiki kadhaa kwa kuvaa kishikizo cha goti na kufanya mazoezi. Kano ya msalaba ya mbele ni tofauti: mara nyingi haijiungi vizuri ikishakatika kabisa, na upasuaji wake ni wa kutengeneza kano mpya kutokana na kano nyingine ya mgonjwa mwenyewe, kwa kawaida ya nyuma ya paja au ya chini ya pia ya goti.

Hata hivyo, kano kukatika hakumaanishi kwamba upasuaji ni lazima. Utafiti uliofanyika Sweden na kuchapishwa mwaka 2010 uliwafuatilia vijana na watu wazima 121 wenye shughuli nyingi ambao kano hiyo ilikuwa imekatika. Kundi moja lilifanyiwa upasuaji mapema na kupewa mazoezi. Kundi la pili lilianza na mazoezi peke yake na kuruhusiwa kupasuliwa baadaye kama goti lingeendelea kulegea. Baada ya miaka miwili hali za makundi hayo zilikuwa zinalingana. Katika kundi la pili lenye watu 59, waliohitaji upasuaji katika kipindi hicho walikuwa 23. Zaidi ya nusu waliishi bila kisu.

Kwa wenye magoti yaliyosagika kwa umri na kazi, ushahidi ni mkali zaidi. Mwaka 2002 madaktari wa Houston, Marekani, walionyesha kuwa kuosha na kukwangua goti la namna hiyo kwa upasuaji wa matundu madogo hakukuwa na manufaa zaidi ya upasuaji wa kuigiza, ambao ngozi ilichanwa tu bila kufanyika kitu ndani. Mwaka 2013 watafiti wa Finland walipata matokeo yanayofanana kwa watu 146 waliokuwa na vipande vya gegedu vilivyochakaa na kuchanika.

Tiba iliyothibitika ni mazoezi, na hayahitaji vifaa. La kwanza ni kukaa kwenye kiti na kusimama bila kushika kitu, mara 10, kupumzika, kisha kurudia mizunguko mitatu. La pili ni kulala chali na kuinua mguu ulionyooka, kuushikilia kwa sekunde tano na kuushusha taratibu. Misuli ya paja ikipata nguvu hubeba sehemu ya kazi ambayo goti lilikuwa linaibeba peke yake. Mtaalamu wa mazoezi tiba ndiye anayepanga kiasi, kwani goti lililoumia jana haliwezi kupewa zoezi la goti la miezi mitatu.

Kupunguza uzito nako kunalipa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2005 ulikuta kuwa kila kilo moja ya mwili inayopungua huliondolea goti mzigo wa kilo nne hivi katika kila hatua. Anayepunguza kilo tano ameliondolea goti kilo 20 kila anapokanyaga.

Mazoezi yakishindwa na goti limesagika kabisa, kipo kiungo bandia. Takwimu zilizokusanywa Australia na Finland na kuchapishwa mwaka 2019 zinaonyesha kuwa magoti bandia 82 kati ya 100 hudumu kwa miaka 25. Hapa nchini upasuaji wa goti bandia na ule wa matundu madogo unafanywa na Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1996. Lakini goti bandia huondoa maumivu. Halimrudishi mtu kwenye kupiga magoti na kubeba magunia.

Maumivu yanayotoka zizini

Mfugaji anayeumwa goti bila kuanguka popote anapaswa kuangalia pia kikombe chake cha maziwa. Ugonjwa wa bruselosi, ambao kwa ng'ombe na mbuzi husababisha kutupa mimba, huingia kwa binadamu kupitia maziwa mabichi au kwa kushika kondo la nyuma bila kinga. Kwa binadamu huleta homa za kupanda na kushuka, jasho la usiku, uchovu na maumivu ya viungo vikubwa yakiwamo magoti, nyonga na mgongo. Wagonjwa wengi hutibiwa malaria mara kadhaa kabla ya kupimwa bruselosi. Tiba yake ni mchanganyiko wa dawa kwa wiki sita au zaidi, na kinga yake ni kuchemsha maziwa.

Jongo, ambalo siku hizi wengi huliita gauti, huanza zaidi kwenye dole gumba la mguu lakini hushika magoti pia, na huchochewa na pombe na nyama nyingi. Baridi yabisi nayo hushika viungo vidogo vya mikono yote miwili, na asubuhi mgonjwa huwa mkakamavu kwa muda mrefu, mara nyingi zaidi ya saa nzima. Mwenye goti lililosagika hulegea ndani ya nusu saa.

Kuna pia virusi vinavyoenezwa na mbu. Mlipuko wa kwanza wa chikungunya kuelezwa kitaalamu ulitokea mwaka 1952 kusini mwa Tanganyika, na jina lake limetokana na neno la Kimakonde linaloelezea mtu aliyekunjamana kwa maumivu ya viungo. Hakuna ugonjwa kati ya hiyo unaopona kwa kuchua goti.

Hesabu ya goti moja

Gharama ya goti inaeleweka vizuri zaidi ikiwekwa kwenye karatasi. Tuchukue kaya ya mfano yenye ekari moja na nusu ya mahindi na maharage, kihamba na ng'ombe wawili wa maziwa. Bei zilizotumika ni za kukadiria, na kila msomaji anaweza kuweka za kijijini kwake. Mama wa kaya hiyo anateleza mwishoni mwa Machi, wakati wa kupanda.

Katika njia ya kwanza hapelekwi hospitali. Anachuliwa, anachomwa sindano za maumivu na kusubiri miezi miwili. Siku-kazi 45 zinapotea na kibarua analipwa Sh8,000 kwa siku, yaani Sh360,000. Bodaboda inaleta majani kwa Sh3,000 kila siku kwa siku 60, yaani Sh180,000. Majani hayatoshi, hivyo maziwa yanapungua lita mbili kwa siku. Kwa Sh1,200 kwa lita hiyo ni Sh144,000. Uchuaji, sindano na nauli ni Sh90,000. Jumla ni Sh774,000, bila kuhesabu mtoto anayekosa shule ili akate majani.

Katika njia ya pili anapelekwa kituo cha afya wiki ile ile na kupewa rufaa. Kumwona daktari na eksirei ni Sh50,000, mazoezi tiba mara nane kwa Sh15,000 ni Sh120,000, nauli ni Sh40,000, magongo na kishikizo cha goti ni Sh60,000. Hiyo ni Sh270,000. Bado atapoteza siku-kazi 20, sawa na Sh160,000, na kwa siku 30 atalipia majani Sh90,000 na kukosa maziwa ya Sh72,000. Jumla ni Sh592,000.

Tofauti katika msimu wa kwanza ni Sh182,000 tu. Hapo ndipo penye mtego. Njia ya pili inadai fedha taslimu mwanzoni, wakati fedha zote ziko kwenye mbegu na mbolea, na njia ya kwanza inadai kidogo kidogo. Familia inayochagua kusubiri si kwamba haijui hesabu; inaona hesabu ya msimu mmoja.

Misimu inayofuata ndiyo inayobadilisha picha. Goti lenye kano iliyokatika na paja lililokonda huachia mara kwa mara, na kila likiachia huweza kuchana gegedu. Wataalamu wamekuta kuwa karibu nusu ya watu wanaochanika kano ya msalaba ya mbele au kipande cha gegedu huwa na goti lililosagika miaka 10 hadi 20 baadaye, na hata upasuaji haujathibitika kuizuia hali hiyo kwa uhakika. Paja imara na mizigo midogo ndivyo vilivyo mikononi mwa mkulima mwenyewe. Ikiwa goti la yule mama asiyetibiwa litampotezea siku-kazi 20 kila mwaka kwa miaka mitano, hiyo ni Sh800,000 nyingine. Hata zikikatwa asilimia 20 kwa mwaka kwa kuwa ni fedha ya baadaye, bado ni takriban Sh478,000 kwa thamani ya leo. Ndiyo kusema ile Sh270,000 ya matibabu ina faida kuliko biashara nyingi zinazokopewa kwenye saccos.

Kupunguza mzigo kabla haujaangusha

Uwekezaji wa bei nafuu zaidi ni ule unaozuia jeraha. Kupanda mabingobingo au guatemala kwenye kingo za kihamba na kwenye makinga maji hupunguza safari za kufuata majani mbali, na wakati huo huo huzuia udongo usichukuliwe na mvua. Mashine ya kukatakata majani hupunguza yanayoachwa na ng'ombe, hivyo mzigo wa kutosha leo unakuwa mdogo kuliko wa jana.

Mzigo mmoja mzito ugawanywe kuwa miwili myepesi, hasa njia za kushuka, kwa sababu goti hubeba nguvu kubwa zaidi mtu anaposhuka kuliko anapotembea tambarare. Toroli au mkokoteni wa punda hutumika pale njia inaporuhusu, na vikundi vya wakulima vinaweza kuvinunua kwa pamoja. Jembe la palizi lenye mpini mrefu humwezesha mtu kusimama badala ya kuchuchumaa. Kigoda cha kukamulia kinagharimu kidogo kuliko bendeji moja ya goti, na viatu vyenye meno ni bora kuliko kandambili kwenye tope.

Nani analipa

Mfanyakazi wa shamba kubwa la miwa, chai au maua anayeumia goti kazini anastahili fidia. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi mwaka 2015, hugharamia matibabu na kulipa fidia kwa michango ya waajiri. Kinachotakiwa ni ajali iandikwe na kutolewa taarifa mapema, kwani goti linaloripotiwa baada ya mwaka mzima ni vigumu kuthibitisha liliumia wapi.

Mkulima mdogo hana mwajiri, hivyo tegemeo lake ni bima. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023. Anayejiunga na bima yoyote anashauriwa kuuliza mambo matatu kabla ya kulipa: kama mazoezi tiba yamo, yamo mara ngapi, kama rufaa hadi hospitali ya kanda, mfano KCMC ya Moshi au Bugando ya Mwanza, inatambuliwa, na kama vipimo vikubwa na vishikizo vya goti vinalipiwa. Bima inayolipia vidonge na kuacha mazoezi imeacha sehemu yenye faida kubwa zaidi.

Vyama vya ushirika na saccos navyo vina nafasi. Mfuko mdogo wa dharura unaomkopesha mwanachama nauli na gharama za wiki ya kwanza ungeondoa kikwazo kile cha fedha taslimu wakati wa kupanda, na mkopo huo ungelipwa kwa maziwa au kahawa. Vyama vingi hukopesha pembejeo kwa utaratibu kama huo, na hakuna mbolea inayoweza kusambazwa shambani na mtu asiyeweza kusimama.

Mvua za masika hazimsubiri mtu apone. Mkulima anayeteleza wiki hii akimwona daktari wiki hii hii, akarudi kupimwa uvimbe ukishapungua na akafanya mazoezi aliyopewa hata baada ya maumivu kuisha, ana nafasi nzuri ya kuwa shambani mwenyewe vuli itakapoanza. Anayesubiri mavuno ndipo aende, huenda akakuta mavuno yenyewe yameshalipia vibarua.